Nani ataeleza maisha yako mbele ya juje? Kitabu cha Michael Santos na kazi aliyoitoa gerezani

Andiko la leo ni refu kidogo, basi mvute kiti. Nataka kuongea juu ya kitabu cha Mmarekani mmoja, Michael Santos, na juu ya kazi iliyotoka ndani yake: kazi ya kumtayarisha mtu anayengoja hukumu ili juje amwone mzima, na kumfundisha namna ya kuishi gerezani mpaka siku ya kutoka. Kule kwao ni kazi kweli, yenye ofisi, wateja na bei. Kitabu kinaitwa Earning Freedom: Conquering a 45-Year Prison Term, maana yake mtu anautumikia uhuru wake mpaka anaustahili, na anashinda kifungo cha miaka 45. Nitasema kilicho kizuri, na nitasema pia fasi ambapo kitabu kinatupoteza.

Kwanza niwaambie juu ya nini nilikisoma.

Nilikuwa namaliza masomo ya sheria hapa Lubumbashi wakati mtoto wa mama mkubwa wangu alikamatwa. Jina lake nitaliacha. Alikuwa analinda depo ya mfanyabiashara mmoja, akauza magunia ya unga yasiyokuwa yake na kutumia makuta. Alifanya hivyo kweli, hakuna mtu nyumbani aliyekana. Alikaa gerezani miezi 7 akingoja hukumu. Familia ilichanga, tukalipa avoka, na avoka huyo tulimwona mara mbili tu. Siku ya tribinali alisema dakika chache juu ya karatasi za kukamatwa ambazo hazikuandikwa vizuri, kisha akakaa. Juje alimuuliza ndugu yangu, kwa upole kabisa, kama yuko na neno la kuongeza.

"Naomba tu musamaha, mukubwa."

Basi, ilikuwa hiyo tu. Miaka 3.

Pale nje, chini ya mwembe, mama mkubwa alinishika mkono. "Mwanangu, weye njo ulisoma hii mambo. Juu ya nini hakuna mutu alisema vile alikuwa analipia batoto ba kaka yake masomo? Juu ya nini habakusema alisharudisha nusu ya makuta?"

Sikuwa na jibu. Nilijua yote hayo. Risiti za makuta aliyorudisha zilikuwa nyumbani, ndani ya Biblia ya mama mkubwa, na ni mimi niliyeziweka mule ili zisipotee. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya tatu na kravati yangu, kifungu cha 18 cha kode penali nakijua kwa kichwa, na nilinyamaza.

Njo maana, nilipokuta habari ya watu wanaoishi kwa kazi ya kueleza maisha ya mshitakiwa, sikuisoma kama mtu anayetafuta kazi. Nilisoma kwa hasira.

Mtu mwenyewe

Santos alikamatwa Agosti 1987, akiwa na miaka 23, juu ya biashara ya kokeni. Kesi ilikwenda mpaka mwisho. Anaeleza kwamba alimwamini avoka aliyempa moyo, akapanda mbele ya mahakama na kusema uongo. Walimkuta na kosa, wakampa miaka 45.

Sehemu bora kabisa ya kitabu inaanza pale, ndani ya selo, wakati angali anangoja kusikia atapewa miaka mingapi. Anapata kitabu cha falsafa na anasoma habari ya Socrates: mtu amehukumiwa kufa, rafiki zake wako tayari kumtorosha, naye anakataa kukimbia. Kijana aliyekuwa anafikiri kila kitu kinanunuliwa anaanza kujiuliza yeye ni nani mbele ya sheria aliyoivunja. Halafu anaweka mambo matatu ya kushika miaka yote: kusoma, kutoa kitu kwa jamii, na kupata watu wa nje watakaosimama pamoja naye.

Wengi wetu tunaandika mipango ya namna hii kila Januari, ikifika Machi imekufa. Yeye aliishika robo ya karne. Alianzia gereza kubwa la Atlanta, fasi ya watu wenye vifungo vizito. Alisoma kwa barua, akapata diploma ya kwanza ya chuo kikuu cha Mercer mwaka 1992, na ya pili ya Hofstra mwaka 1995. Alianza doktora na chuo kikuu cha Connecticut, lakini wakubwa wa gereza wakafunga njia ya vitabu na doktora ikafia pale. Aliandika vitabu, kimoja, Inside, kilitoka mwaka 2006 kwa mchapishaji mkubwa. Mwaka 2003 alioa, harusi ikafanyika kwenye chumba cha wageni cha gereza. Agosti 2012 alitolewa na kupelekwa kwenye nyumba ya mpito, 2013 akamaliza kifungo, na muda haukuwa mrefu akawa anafundisha kwenye chuo kikuu cha San Francisco State juu ya mambo ya magereza.

Sisi tunaolia intaneti ikikatika siku mbili wakati wa memwari, tunyamaze kidogo.

Ninachopenda ni kwamba Santos haanzi na huzuni yake. Anaanza na swali: wale watakaonipokea siku nitakayotoka, watataka kuona nini mkononi mwangu? Halafu anarudi nyuma, mwaka kwa mwaka, anatayarisha kile kitu. Anaweka karatasi, anahesabu barua, vitabu na kilomita alizokimbia. Kwa msomaji inachosha mara nyingine, sitaficha. Kuna kurasa zinazofanana na rejista ya duka. Lakini mtu aliyewahi kutafuta karatasi moja tu kwenye ofisi zetu ataelewa nguvu ya rejista.

Napenda pia kwamba hafichi uongo wake. Angeweza kuandika kwamba mahakama ilimwonea, na miaka 45 kwa kijana wa miaka 23 ni mingi sana. Anasema: nilidanganya, nilifikiri makuta na avoka vitaniokoa. Hapo nilimwona ndugu yangu, na nilituona sisi familia tukichanga kwa mtu ambaye hatukumuuliza hata mara moja atasema nini.

Hesabu ambayo kichwa cha kitabu kinaruka

Sasa upande mwingine. Kichwa kinasema alishinda miaka 45. Tupige hesabu pamoja, wale wa sheria wanisahihishe.

Alitumikia miaka 26. Miaka 19 iliyobaki iliondolewa na sheria ya zamani, iliyompunguzia siku mfungwa mwenye mwenendo mzuri. Mwaka 1984 Marekani ilitunga sheria mpya ya hukumu kwa makosa ya serikali kuu. Ilifuta msamaha wa masharti na kubana siku za mwenendo mzuri zisizidi 54 kwa mwaka. Ilianza kushika makosa yaliyofanywa tangu tarehe 1 Novemba 1987. Santos alikamatwa Agosti mwaka ule ule.

Siku 54 mara miaka 45 ni siku 2430, haifiki miaka 7. Yaani kama biashara yake ingeendelea mpaka Novemba, mtu huyu huyu, na Socrates wake, na diploma zake mbili, angekaa zaidi ya miaka 38. Angetoka na miaka zaidi ya 60. Miezi isiyofika mitatu ilimpa tofauti ya miaka 12.

Santos hafichi kwamba sheria ya zamani ilimshika. Lakini mafundisho anayotoa baadaye, yale ya kwamba mtu akiweka lengo na kulifuata anaufanyia uhuru wake kazi, yanaiweka kalenda pembeni. Hapa njo ninagombana naye. Kuna watu walioingia mwaka 1988 na moyo ule ule, wakasoma vile vile, wakaandika barua vile vile, na walipokuwa wanasoma kitabu chake walikuwa wangali ndani. Nidhamu ilimfanya atoke akiwa mtu wa kusikilizwa. Mlango wenyewe ulifunguliwa na tarehe. Kijana anayesoma bila kutenganisha haya mambo mawili atafikiri kila aliyebaki gerezani alikosa bidii. Hiyo ni dhambi kubwa kwa kitabu kinachotaka kutetea wafungwa.

Kuna la pili. Kila ukurasa unasema "mimi": mimi niliamua, mimi nilisoma, mimi nilijenga. Lakini angalieni vizuri ndani ya habari yenyewe. Walimu wa vyuo vikuu walimjibu barua, wakamwelekeza, mmoja akafunga safari kwenda kumtembelea. Kuna mwanamke aliyekubali kuolewa na mtu ambaye bado alikuwa na miaka mingi ya kukaa ndani. Kuna watu waliopiga chapa maandishi yake. Lengo lake la tatu, la kupata watu, njo lililobeba yale mawili mengine, na kitabu hakilipi heshima yake.

Kutoka kitabu mpaka kazi

Kazi ilizaliwa vipi? Mwaka 2008, kwenye kambi ya gereza ya Taft, California, Santos alikutana na Justin Paperny, aliyekuwa mtu wa soko la hisa, amefungwa miezi 18. Paperny alipotoka alianzisha ushauri kwa watu wanaoshitakiwa, na Santos akawa mshirika wake. Jina la kampuni, White Collar Advice, linatuambia wateja ni nani: watu wa kola nyeupe, wa benki, wa hospitali, wa makampuni, watu ambao hawajawahi kuona selo na wanatetemeka.

Wanawauzia nini? Nimeisoma kazi hii na nikashangaa vile iko ya kawaida. Kule Marekani, mtu akishakutwa na kosa la serikali kuu, afisa mmoja wa mahakama anamhoji na kuandika ripoti ya maisha yake: familia, masomo, afya, kazi, pombe, deni. Juje anaisoma kabla ya kutoa hukumu. Halafu ripoti hiyo inamfuata gerezani, na wakubwa wa gereza wanaitumia kuamua akae wapi na aingie programu gani. Kuna programu ya kutibu ulevi na madawa inayoweza kumpunguzia mtu mpaka mwaka mzima. Kama siku ya kuhojiwa uliona haya na kusema hunywi, baadaye ni taabu sana kuingia. Mshauri anamwambia mteja mambo hayo mapema. Anamlazimisha aandike mwenyewe, kwa maneno yake, alifanya nini, aliumiza nani, amefanya nini tangu siku ile. Anafundisha familia namna ya kuandika barua kwa juje: usiseme "ni mtu mzuri," sema ulimwona akifanya nini, siku gani, fasi gani.

Kazi hii ilipata nafasi kubwa zaidi tangu mwaka 2005, wakati mahakama kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Booker, ilisema jedwali la adhabu halimfungi tena juje, linamshauri tu. Juje akipata nafasi ya kupima, maisha ya mtu yanapata uzito. Na kitu kikipata uzito, kule kwao kinapata bei.

Santos hakusahau waliobaki nyuma, ni haki kusema. Kupitia shirika lake la Prison Professors ametengeneza masomo yanayofika kwa wafungwa wasiolipa. Lakini kazi iliyomjulisha kwa watu inakula kwa wenye nacho. Mwaka 2019, kule Marekani, wazazi matajiri walishitakiwa kwamba waliwanunulia watoto wao nafasi za chuo kikuu. Mwigizaji Felicity Huffman alipewa siku 14. Wakati ule magazeti yaliandika sana juu ya washauri wa wafungwa. Sisemi siku zile 14 zilinunuliwa kwa mshauri. Ninasema tu kwamba tajiri anapoingia tribinali, maisha yake yote yanaingia pamoja naye, yamepangwa vizuri kwenye dosye. Maskini anaingia na kosa lake peke yake.

Mwanamke aliyefanya kazi hii kwa wengine

Kama ningeishia kwa Santos, ningesema: hii ni biashara ya Marekani, tuachane nayo. Lakini ufundi huu uko na mzizi mwingine, wa zamani kidogo, na mzizi huo haukuota kwenye ofisi za matajiri. Uliota kwa watu waliongoja kunyongwa.

Mwaka 1976, kwenye kesi ya Woodson, mahakama kuu ya Marekani ilikataa sheria iliyompa kila muuaji wa aina fulani kifo bila kumwangalia mtu mwenyewe. Mwaka 1978, kwenye kesi ya Lockett, ikasema juje hawezi kuzuiwa kusikia mambo ya maisha ya mshitakiwa yanayoweza kumpunguzia adhabu. Sawa, sheria imefungua mlango. Nani atakwenda kuyatafuta hayo mambo?

Mmoja wa walioanza ni Scharlette Holdman, wa Florida. Hakuwa avoka, alisomea antropolojia. Alianza na kuwatafutia mawakili watu waliohukumiwa kufa. Halafu akawa anaingia kwenye nyumba za familia, anakaa jikoni, anarudi tena na tena mpaka mama anafungua kinywa. Anakusanya karatasi za shule, za hospitali, habari za baba, za babu. Alifariki mwaka 2017, na leo kazi yake inafundishwa. Mwaka 2003, kwenye kesi ya Wiggins, mahakama kuu ilisema mawakili walikosa wajibu wao juu ya kutochunguza utoto wa mteja wao, uliojaa mateso, na hukumu ya kifo ikatenguliwa. Mwaka ule ule chama cha mawakili cha Marekani kilisema timu ya kutetea mtu anayekabiliwa na kifo iwe na mtu wa kazi hii.

Muweke Santos na Holdman kando kwa kando. Santos anaanza na nia: niliamua kubadilika, nitazameni. Holdman anaanza na jikoni: huyu mtu alitoka wapi, nani alimwona, karatasi iko wapi. Juje anahitaji vyote viwili. Lakini Santos anamfundisha mshitakiwa ajieleze mwenyewe, na Holdman anatufundisha sisi tulio nje.

Hukumu yangu juu ya kitabu njo hii. Earning Freedom ni kitabu chenye nguvu, kinaandika miaka 26 bila kulialia, na mfungwa yeyote anaweza kukiishi. Kosa lake ni kwamba kinamfanya mfungwa awe avoka, shahidi na dosye, vyote kwa pamoja. Ndugu yangu hakukosa nia. Alikosa mtu wa kufungua kinywa. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwetu

Wengine mtasema: tuanzishe nasi ofisi kama hizo Lubumbashi, Goma, Bukavu, Kinshasa, maana vijana wa sheria hawana kazi. Mimi naogopa. Tunajijua. Ukifungua leo kibanda cha "mshauri wa wafungwa", kesho utakuwa komisyonere: mama wa mshitakiwa atakuletea makuta akifikiri unamjua juje, na utakuwa mtu wa ajabu usipoyapokea. Tena gereza letu si lao. Makala ilijengwa kwa watu 1500, na iko na watu mara nyingi zaidi, na wengi wao hawajahukumiwa, ingawa katiba yetu, kifungu cha 17, inasema uhuru njo kanuni na kufunga mtu ni pale tu inapobidi. Mshauri wa kwanza wa mfungwa kwetu ni mama mwenye sufuria anayengoja mlangoni.

Lakini sheria yetu nayo imefungua mlango, na tangu zamani. Kifungu cha 18 cha kode penali kinasema kukiwa na sirkonstansi atenwanti, yaani mambo ya kupunguza uzito, juje anaweza kushusha adhabu. Kifungu cha 19 kinasema hukumu inayoyakubali iyataje moja moja. Someni tena hicho cha 19. Juje anatakiwa ayataje, na atataja nini kama hakuna aliyemletea? "Naomba msamaha" si jambo la kuandika kwenye hukumu. Risiti yenye tarehe ni jambo. Karatasi ya mkubwa wa shule inayosema nani alilipia wale watoto wanne ni jambo. Neno la mwenye depo kwamba alipokea nusu ya makuta ni jambo.

Hatuhitaji ofisi kwa hiyo. Tunahitaji fushia moja, na mtu mmoja wa familia aliyesoma, awe wa sheria au wa ualimu au wa saikolojia, atakayekaa jikoni jioni tatu na kuuliza. Avoka atasema mbele ya juje, hiyo ni kazi yake. Lakini avoka aliyepewa dosye nene hawezi kusema dakika chache na kukaa, itamletea haya. Na katika fushia hiyo aliyeumizwa awemo pia. Hapo nawapa haki Santos na wenzake: habari ya mshitakiwa isiyomtaja mtu aliyemwibia ni rangi ya midomo tu.

Baada ya kusoma, nilirudi kwenye kode kutafuta kilichobaki. Nikakuta kitu ambacho nilijibia mtihani na nikakisahau: mtu aliyetumikia robo ya kifungo, mradi amepita miezi 3, anaweza kuombewa kuachiliwa kwa masharti. Robo ya miaka 3 ni miezi 9. Miezi 7 ya kungoja inahesabiwa. Yaani miezi 2 baada ya hukumu tungeweza kuomba. Wakati nilipogundua, miezi 4 mingine ilikuwa imeshapita bure, kila wiki mama mkubwa akibeba sufuria.

Nilikwenda kwake jioni ile. Nikamwambia yote, pamoja na ile miezi 4. Alinyamaza kwanza. Kisha akaleta Biblia, akaifungua, akatoa risiti moja moja kwenye meza. Zilikuwa sita. Mimi nilikumbuka tano.

"Uandike vizuri," akasema. "Na hii ya mwisho usiisahau, njo alilipa siku moja mbele ya kukamatwa."

Siku moja kabla. Alikuwa analipa kabla mtu hajamlazimisha, na sisi wote tulikaa tribinali bila kulisema. Nilikwenda kwa mkubwa wa shule, akaandika. Nilikwenda kwa mwenye depo, nikiogopa; alinisimamisha mlangoni muda mrefu, mwisho akaandika mistari miwili, akaweka mhuri. Ombi linapita kwa mkubwa wa gereza na kwa parke mpaka kwa waziri. Tumeliweka. Jibu bado.

Basi wandugu, kama kitabu kinapita mikononi mwenu, mkisome, hasa kurasa za kwanza, na mkifika fasi ya ushindi mpige hesabu zenu. Na kama kuna ndugu yenu anangoja tribinali mwezi huu, msingoje jibu langu. Waulizeni mama zenu karatasi ziko wapi.